Arifa za Masasisho Kwenye Kompyuta: Uahirishe, Unyamazishe, Usitishe au Uzime?

Kisanduku kinachomoza pembeni mwa skrini, chini kulia, nawe uko katikati ya sentensi. Kina vitufe viwili: washa upya sasa, au baadaye. Siku moja nilikuwa nachapa kwa kasi huku macho yakiwa kwenye karatasi iliyo kando, kisanduku cha aina hiyo kikajitokeza mbele kabisa ya dirisha nililokuwa nikiandikia. Kidole changu kilikuwa tayari njiani kwenda kwenye kitufe cha nafasi. Kikatua, na kompyuta ikahesabu kuwa nimekubali. Kuinua macho, madirisha yanajifunga moja baada ya jingine, na kurasa mbili na nusu ambazo sikuwa nimezihifadhi zikaenda na maji.

Kwa hasira nilizima kila kitu. Miezi kadhaa baadaye nikagundua kuwa nilichokizima sicho kilichokuwa kinanikera. Nilikuwa nimechanganya mambo matatu: tarishi anayebisha hodi, saa anayokuja, na barua aliyoibeba. Arifa ni tarishi. Kuwasha upya ndiyo saa. Sasisho lenyewe ndilo barua, na barua nyingine ni za haraka kweli. Njia tano zinazolinganishwa hapa zinatofautiana kwa sababu hazigusi jambo lilelile, na ukichagua isiyogusa kinachokukera utajikuta palepale.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni ukimya: kelele inakoma kwa saa ngapi, siku ngapi, au moja kwa moja?

Cha pili ni usalama, na hapa pana maneno mengi zaidi. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft, wenye Windows, walitoa kiraka, yaani sasisho dogo la kuziba tundu la usalama, kilichoitwa MS17-010. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, siku 59 baadaye, programu hasidi ya WannaCry ikapita katika tundu lilelile ambalo kiraka hicho kiliziba, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Zaidi ya kompyuta 200,000 ziliathirika katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Nyingi ya mashine hizo zilikuwa za Windows 7, ambazo kiraka chake kilikuwa kimeshatoka. Lakini usidhani anayechelewa siku zote ni mzembe. Sasisho kubwa la Windows 10 la Oktoba 2018 lilianza kutolewa tarehe 2, likafuta mafaili ya baadhi ya watumiaji, likaondolewa baada ya siku chache na halikurudi hadi Novemba. Waliosubiri kidogo walipona. Kwa hiyo swali la usalama lina pande mbili: tundu litabaki wazi kwa muda gani, na je, unataka kuwa wa kwanza kuonja?

Cha tatu ni nani anaamua saa ya kuwasha upya, wewe au mashine. Cha nne ni kurudi nyuma: ukijuta, ni mbofyo mmoja au ni nusu siku ya kutafuta ulichobadilisha?

Jambo moja kabla ya kuendelea. Masasisho si ya aina moja. Kuna viraka vya kila mwezi, ambavyo kwa Windows hutoka Jumanne ya pili ya mwezi tangu Oktoba 2003, na kuna toleo jipya la mfumo mzima, linalokuja mara chache na kubadilisha sura ya vitu. Mac na Linux, mifumo mingine ya kuendesha kompyuta, nazo zina mgawanyo kama huo. Soma arifa inasema nini kabla hujaifukuza. Watu wengi wanaolalamika juu ya masasisho wanachokichukia ni toleo jipya, kisha wanakwenda kuzima viraka.

Njia ya kwanza: kubofya "baadaye"

*Ukimya.* Mfupi. Saa chache, au hadi kesho. Mac hukuuliza kama ifanye usiku au ikukumbushe kesho, na kesho hiyo inafika kweli.

*Usalama.* Unategemea uaminifu wako mwenyewe. Kivinjari cha Chrome kina utaratibu wa kistaarabu kidogo: hakikurukii usoni, bali huweka alama pembeni juu ambayo ni ya kijani sasisho likiwa na umri usiozidi siku mbili, ya machungwa likifika kama siku nne, na nyekundu likimaliza wiki. Ukiona nyekundu, umeahirisha vya kutosha. Na kukunja kifuniko cha laputopu si kufunga kivinjari. Sasisho linasubiri ukifunge kabisa na kukifungua tena, jambo ambalo wengi wetu tunaweza kukaa wiki tatu bila kulifanya.

*Saa.* Ni yako, hadi mashine ichoke kusubiri. Windows hufika mahali ikapanga muda yenyewe.

*Kurudi nyuma.* Hakuna cha kurudisha, isipokuwa ubofye pasipofaa. Alama ya X si lazima imaanishe hapana. Mwaka 2016 Microsoft ilikuwa inawapa wenye Windows 7 na 8.1 toleo la Windows 10 bure, na mwezi Mei ilionekana kuwa mtu akifunga kisanduku kwa X, muda wa kusakinisha uliokwisha pangwa unabaki vilevile. Watu waliamka na kukuta kompyuta ngeni mezani. Baada ya makelele mengi, kikaletwa kitufe cha kukataa kinachoeleweka, na ofa yenyewe ikaisha tarehe 29 Julai. Tangu hapo mimi husoma maneno ya kila kitufe, hata kama nimeshakiona mara mia.

*Inamfaa* mwenye kazi ya kumaliza leo na mwenye tabia ya kutimiza ahadi anazojipa. Kwa wengine ni kumfukuza nzi kwa mkono.

Njia ya pili: kunyamazisha arifa tu

Hapa unamziba tarishi mdomo lakini barua inaendelea kuja.

*Ukimya.* Mzuri sana kwa muda unaoutaka. Windows 11 ina hali ya kutosumbua katika mipangilio ya arifa, na unaweza kuiagiza ijiwashe yenyewe unaporudufisha skrini kwenye projekta, unapotumia programu iliyojaza skrini nzima, au saa fulani za siku. Mac ina kitu kinachofanana nacho. Kwa mtu anayefundisha au kuwasilisha mbele za watu, hili pekee linamaliza karibu shida yote.

Ila linanyamazisha mfumo na programu zinazofuata utaratibu wa mfumo. Programu za kando, kama Java, kisomaji cha PDF na ile ya printa uliyoiuza zamani, huja na vikumbusho vyao wenyewe, kila kimoja na mlango wake. Java, kwa mfano, ina paneli yake ya udhibiti yenye kichupo cha masasisho. Kabla hujaanza kuzunguka milango hiyo yote, jiulize kama programu yenyewe bado unaitumia. Mimi nilikuta nne ambazo sikuzigusa kwa mwaka mzima. Nilizifuta, na zaidi ya nusu ya arifa zikaondoka nazo.

*Usalama.* Haubadiliki. Viraka vinaingia kama kawaida.

*Saa.* Hapa ndipo penye mtego. Windows ina swichi katika chaguo za ziada za masasisho inayoamua kama utaarifiwa pale mashine inapohitaji kuwashwa upya. Ukiizima kwa ajili ya utulivu, umepoteza onyo lililokuwa likikupa nafasi ya kuhifadhi kazi. Kama kilichokuumiza ni kuzimiwa mashine bila kujiandaa, njia hii inaweza kuzidisha maumivu. Iwashe hiyo moja, nyamazisha nyingine.

*Kurudi nyuma.* Mbofyo mmoja.

*Inamfaa* anayekerwa na kelele yenyewe, si na sasisho. Walimu, wakalimani wa mtandaoni, wanaorekodi skrini, na yeyote anayeonyesha kompyuta yake kwa wengine.

Njia ya tatu: kusitisha kwa muda

*Ukimya.* Wiki nzima au zaidi. Windows 11 hukuruhusu kusitisha kuanzia wiki moja hadi tano, na Windows 10 ilikuwa na kikomo cha siku 35. Kikomo kikifika, huwezi kuongeza muda mpaka kwanza usakinishe yaliyorundikana. Mac haina kitufe cha kusitisha cha namna hiyo. Unachoweza ni kuizuia isipakue yenyewe, na kile kidoti chekundu kwenye aikoni ya mipangilio kitaendelea kukutazama. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, programu zilizofungashwa kwa mtindo uitwao snap, kivinjari cha Firefox kikiwemo, hukuambia ufunge programu ili isasishwe na kukuonyesha siku zilizobaki, kuanzia 14 kushuka. Anayetaka kuzishikilia zaidi anatumia amri `snap refresh --hold` kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, akiipa muda maalumu au bila ukomo.

Ukiwa na intaneti ya kupimwa kuna mlango mwingine wa pembeni. Iambie Windows kwamba muunganisho huo una kipimo, nayo itaacha kupakua sehemu kubwa ya masasisho hadi uhamie kwenye muunganisho mwingine. Ni dawa ya bando linaloisha, haikukusudiwa kuwa dawa ya arifa, lakini inapunguza zote mbili.

*Usalama.* Unaacha tundu wazi kwa muda unaoujua, na hilo ni bora kuliko kuliacha kwa muda usioujua. Kumbuka tu kwamba kusitisha hakuchagui: toleo jipya na kiraka cha haraka vyote vinasimama. Wiki moja baada ya Jumanne ya pili naiona ni muda wa busara. Wengine wameshaonja, na kama kuna balaa limeshajulikana. Wiki tano ni zaidi ya nusu ya nafasi iliyokuwepo kati ya kiraka na WannaCry.

*Saa.* Yako kabisa hadi tarehe uliyoiweka.

*Kurudi nyuma.* Rahisi: kuna kitufe cha kuendelea palepale uliposimamishia. Shida ni kwamba siku ukibofya, vyote vinaingia kwa mkupuo na unaweza kukaa muda mrefu ukitazama asilimia zikipanda.

*Inamfaa* mwanafunzi aliye kwenye wiki ya mwisho ya tasnifu, mhariri wa video mwenye kazi ya kukabidhi Ijumaa, au msafiri anayetegemea intaneti ya hoteli.

Njia ya nne: kupanga saa na kuiacha mashine ijisasishe

Wanaoanza na hasira huwa hawafiki hapa.

*Ukimya.* Mkubwa kuliko unavyotarajia, kwa sababu arifa nyingi ni dalili ya sasisho lililokosa nafasi. Anayezima kompyuta kila usiku anadhani anaipumzisha. Kumbe anainyima muda pekee ambao ingejisasisha bila kumgusa, kwa hiyo inamfuata mchana, akiwa kazini. Usiku mmoja wa kuiacha kwenye chaji, tuseme Jumatano inayofuata Jumanne ya pili, unaweza kukupa ukimya wa wiki kadhaa.

*Usalama.* Wa juu kuliko njia zote, na ukubali pia hatari ya kuwa mwonjaji wa kwanza.

*Saa.* Mnagawana. Windows ina saa za matumizi: unataja kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi unaitumia, si zaidi ya saa 18, nayo haitajiwasha upya yenyewe ndani ya muda huo. Inaweza pia kujikadiria saa hizo kwa kuangalia mazoea yako, na mazoea yako yakiwa ya kukesha, ziweke mwenyewe. Mac husakinisha usiku ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Ubuntu kwa kawaida huingiza viraka vya usalama kimyakimya bila kuuliza, na huhitaji kuwashwa upya mara chache tu, hasa kiini cha mfumo kinapobadilika.

*Kurudi nyuma.* Kubadilisha saa ni rahisi. Kilichopotea usiku ndicho hakirudi. Windows na Mac zinaweza kufungua tena baadhi ya programu baada ya kuwaka, lakini hati ambayo haikuhifadhiwa ni bahati nasibu. Kadhalika kazi ya muda mrefu, kama kutengeneza video au kunakili mafaili kwenye diski ya nje, itakatwa katikati.

*Inamfaa* mwenye ratiba inayoeleweka na tabia ya kuhifadhi kazi. Haimfai anayeacha hati tisa wazi, mojawapo ikiwa bado haina jina.

Njia ya tano: kuzima kabisa, au kuzuia sasisho moja

Nazitaja pamoja kwa sababu watu huzichanganya, ila zimeachana mbali.

*Ukimya.* Ukizima huduma nzima ya masasisho kwenye Windows, utapata utulivu, kisha siku moja utakuta imejiwasha tena, maana mfumo una walinzi wanaoirudisha. Windows ya toleo la Pro ina kihariri cha sera, zana ya kuiwekea mashine kanuni, ambapo unaweza kuagiza uulizwe kabla ya kupakua chochote, au mashine ibaki kwenye toleo fulani huku viraka vya kila mwezi vikiendelea. Toleo la Home halina kihariri hicho. Kwenye Mac unaweza kuzima upakuaji na usakinishaji wa matoleo mapya ukaacha viraka vya usalama na mafaili ya mfumo vikiingia. Ubuntu ina mahali pa kusema usiarifiwe kamwe juu ya toleo jipya, na ukiwa kwenye toleo la muda mrefu, yaani LTS, una miaka 5 ya viraka vya kawaida bila kuhitaji kuhama.

*Usalama.* Kuzuia toleo jipya huku viraka vikiingia ni uamuzi wa mtu mzima, nami sina neno nao. Mwaka 2016 mtengenezaji wa programu Steve Gibson alitengeneza programu ndogo iitwayo Never10 iliyofanya hivyo tu: iliwasha mipangilio ya Microsoft yenyewe ya kukataa Windows 10, kisha ikakaa kando. Kuzima vyote ni jambo jingine, kwa mashine inayoingia mtandaoni kila siku. Na hata toleo ulilogoma kulihama lina mwisho wake. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta iliyonyamaza baada ya hapo huenda imenyamaza kwa kuwa hakuna tena barua za kuletwa.

*Saa.* Yako yote.

*Kurudi nyuma.* Kugumu kuliko kote. Baada ya miezi sita hukumbuki uligusa nini, na programu ya bure uliyoipakua ikuzimie masasisho imeshasahaulika jina. Ukichagua njia hii, andika kwenye karatasi ulichobadilisha na ulikibadilisha wapi.

*Inamfaa* mwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, kama ile inayoendesha kifaa cha maabara kilichothibitishwa kwa toleo fulani la mfumo, au msimamizi wa kompyuta nyingi mwenye utaratibu wake wa kusambaza viraka.

Arifa isiyo arifa

Kuna kisanduku ambacho hakistahili njia yoyote kati ya hizo, kwa sababu ni cha uongo. Kinaonekana kivinjari kikiwa wazi tu, kinakutaka upakue faili, au kinakupa namba ya simu upige. Cha kale kuliko vyote kinakuambia Flash Player yako imepitwa na wakati, ilhali Flash, programu ya zamani ya kuchezesha video na michezo ndani ya kivinjari, iliacha kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2020 na haina sasisho tena. Usibofye kitu ndani yake, hata X, kwani X yenyewe inaweza kuwa picha iliyochorwa. Funga kichupo kwa kibodi, au kivinjari kizima, kisha nenda mwenyewe kwenye mipangilio ukaangalie kama kweli kuna sasisho. Kama visanduku hivyo vinajitokeza pembeni mwa skrini kila mara, huenda kuna tovuti uliyoiruhusu kutuma arifa bila kutambua. Iondoe kwenye orodha ya ruhusa za kivinjari.

Uchague ipi, kwa hali yako

Kama una uwasilishaji saa mbili zijazo, nyamazisha arifa, hifadhi kazi, na uangalie kwamba hakuna kuwashwa upya kulikopangwa. Njia ya pili inatosha, usiguse kingine.

Kama una wiki mbili ngumu mbele, sitisha, na uandike tarehe ya mwisho kwenye kalenda kabla hujafunga dirisha la mipangilio. Kama intaneti yako ni ya kupimwa, ongeza na mpangilio wa kipimo, kisha panga siku ya kupakua mahali penye intaneti ya kutosha.

Kama unasumbuliwa kila siku, mwaka mzima, anza kwa kufuta programu usizozitumia, kisha jaribu njia ya nne kwa mwezi mmoja. Kama hupendi kuwa mwonjaji, changanya ya tatu na ya nne: sitisha kwa wiki moja kuanzia Jumanne ya pili, halafu iachie mashine ijisasishe usiku.

Kama kinachokuudhi ni toleo jipya tu, na kompyuta yako ni ya zamani lakini inafanya kazi, zuia toleo hilo peke yake na uache viraka vipite. Angalia kwanza tarehe ya mwisho wa huduma ya toleo unalong'ang'ania.

Na kama kompyuta ni ya mzazi au mtu mwingine ambaye hubofya chochote kinachojitokeza, usimfundishe tofauti ya vitufe. Mwekee saa za matumizi, ondoa ruhusa za arifa za tovuti zote kwenye kivinjari chake, iache waya ya chaji mahali anapoiweka mashine usiku, na mwambie kwamba kisanduku chochote kinachotaja namba ya simu akupigie wewe.